Waja leo, waondoka leo: kodi ya mradi wamwachia nani?

Alasiri moja mama mwenye karakana ya kuchomelea vyuma aliingia ofisini kwangu, Ngamiani hapa Tanga, boksi faili kwapani. Namtunzia hesabu zake kwa miaka mingi. Kawaida yake huanza na habari za nyumbani, akawauliza watoto mmoja mmoja kwa majina, ndipo akae. Siku hiyo shikamoo yangu aliipokea akiwa bado amesimama. Akaweka barua ya TRA, Mamlaka ya Mapato, mezani, akasema, "Mwanangu, hebu nisomee. Wanasema nadaiwa kodi ya watu ambao hata walipo sipajui."

Nikafungua mkataba wake. Alinunua mashine ya kukunjia mabati mazito kutoka kampuni ya nje. Bei ya mashine iliandikwa peke yake, na chini yake dola 40,000 za kuifunga na kuwafundisha vijana wake. Mafundi watatu walikuja, wakakaa wiki tatu, kazi ikaisha, wakapanda ndege. Ukurasa wa tisa ulikuwa na sentensi moja ya Kiingereza inayosema muuzaji atalipwa kiasi chote bila kukatwa kodi yoyote ya nchi ya mnunuzi. Mama aliweka sahihi kila ukurasa, na huo wa tisa una sahihi yake nzuri ya wino wa bluu. Akaenda benki, akatuma fedha zote, akarudi kwenye mageti yake.

Siku ile pale benki ndipo deni lilipozaliwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamtaka mkazi anayemlipa asiye mkazi ada ya huduma iliyotolewa Tanzania akate 15% kabla ya kutuma, na aifikishe TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Asipokata, sheria inamdai yeye kana kwamba alikata akaweka mfukoni. Anayo haki ya kumfuata yule mgeni arudishiwe, lakini mgeni mwenyewe yuko bara jingine, na ameshika mkataba unaosema hakatwi hata senti.

Mama alidhani anadaiwa dola 6,000, yaani 15% ya 40,000. Ikabidi nimweleze kwamba mkataba ukiahidi mgeni apokee 40,000 kamili, basi 40,000 hizo zinahesabiwa kuwa ndizo zilizobaki baada ya kodi. Unazigawa kwa 0.85, unapata 47,058.82, na kodi yake ni dola 7,058.82. Ongeza riba inayojumlishwa kila mwezi tangu malipo yalipofanyika. Alinyamaza kitambo, akaniuliza kama mashine inaweza kurudishwa.

Naandika haya kwa sababu Tanga ya sasa imejaa mikataba ya namna hii, na karibu kila anayezungumzia kodi ya kampuni za kigeni anaitazama kama shauri baina ya wakubwa wawili, mwekezaji na Serikali. Mimi naiona kila wiki ikiwa kwenye mabega ya mtu wa tatu, yule ambaye mradi ukiisha hana pa kwenda.

Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. TotalEnergies ya Ufaransa ina 62% ya hisa, CNOOC ya China 8%, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania 15% kila moja. Jiwe la msingi liliwekwa pale Agosti 2017, na mkataba baina ya mradi na Serikali yetu ukasainiwa Mei 2021. Bandari nayo imechimbwa na kuongezewa gati kwa Shilingi bilioni 429.1, mkandarasi akiwa ni Mchina. Kuna barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, na daraja la Mto Pangani. Chini ya kila jina kubwa la mkandarasi kuna safu ya kampuni ndogo. Mmoja amepewa uzio, mwingine chakula cha kambini, mwingine malori ya kifusi. Nyingine ni za nje, nyingi ni za hapa hapa. Kodi hupita katika safu hiyo yote, na pale inapokwama ndipo mtu huumia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria yetu ya kodi nayo ina siku yake ya tatu, na kwa ujenzi siku hiyo ni mwezi wa sita. Kampuni ya nje inayojenga, kuunganisha au kufunga mitambo mahali fulani Tanzania kwa miezi sita au zaidi, au hata kusimamia tu kazi hiyo, inahesabiwa kuwa na kituo cha kudumu hapa. Ina maana kwamba imekuwa mwenyeji kwa faida inayoipata hapa. Itachukua namba ya mlipakodi, itapeleka makadirio na ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, italipa 30% ya faida, na faida inayobaki ikihamishiwa makao makuu inakatwa 10% nyingine. Tena kuna kipengele ambacho wengi hukiruka. Mahali palipowekwa au kutumika mitambo mikubwa ni kituo cha kudumu, na hapo sheria haikutaja miezi. Winchi kubwa ikishasimama gatini, mwenye winchi asijidanganye kwamba anasubiri mwezi wa sita.

Kwa nini kampuni moja inahangaika isifike miezi sita, na nyingine inakimbilia kusajili tawi kabla koleo halijagusa udongo? Tuchukue kampuni mbili zisizo na kituo, kila moja imelipwa Shilingi bilioni moja. Ya kwanza ni ya kufunga mitambo, imetumia milioni 900 kwa mishahara, usafiri na malazi ya mafundi, faida yake milioni 100. Ikibaki mpita njia, inakatwa 15% ya malipo yote bila kutoa gharama, yaani milioni 150, zaidi ya faida yenyewe. Ikiwa na kituo cha kudumu, inalipa milioni 30, kisha milioni saba kwenye zile 70 zinazosafiri, jumla milioni 37. Hiyo itakuja TRA yenyewe asubuhi na mapema. Ya pili ni ya wahandisi washauri. Mali yao ni vichwa na kompyuta, wametumia milioni 400, faida 600. Kwa kituo cha kudumu watalipa 180, kisha 42 juu ya zile 420 zilizobaki, jumla milioni 222. Wakibaki wapita njia ni milioni 150 tu, na hawaandai ritani ya faida.

Tofauti hiyo ya milioni 72 ndiyo inayozaa mikataba iliyokatwa vipande. Utaona kazi moja, uwanja mmoja, msimamizi yule yule mwenye kofia ile ile, lakini makaratasi yanasema Januari hadi Mei ni kampuni hii, Juni hadi Oktoba ni ndugu yake. Mimi siamini kwamba kila anayegawa mkataba ana nia mbaya, maana kazi nyingine zina hatua zake kweli. Lakini mkaguzi akikuta kipimo ni kile kile, wafanyakazi ni wale wale na kambi haikuhamishwa, ana kila sababu ya kuhesabu miezi kumi badala ya mitano miwili. Namuunga mkono kabisa. Mkandarasi wa Korogwe aliyeshindana naye zabuni ile hakuwa na ndugu wa kupokezana naye miezi.

Wapo pia wanaosema kazi yetu ilifanyikia ofisini Ulaya, michoro ilitumwa kwa barua pepe, Tanzania hatukukanyaga. Hoja hiyo ilizungushwa miaka mingi kwenye Bodi na Baraza la Rufani za Kodi. Sheria ikarekebishwa 2016 kuangalia huduma inafikishwa wapi, popote ilipotengenezwa, na Mahakama ya Rufani nayo imeegemea upande wa TRA. Mwenye karakana Tanga akilipia mchoro wa nje, akate.

Mikataba ya kuepusha kodi mara mbili inaweza kubadilisha hesabu hizi, muda na viwango pia. Ile ya siku nyingi tunayo na nchi tisa, ambazo ni Canada, Denmark, Ufini, India, Italia, Norwei, Afrika Kusini, Uswidi na Zambia. Kwenye orodha hiyo huioni China wala Ufaransa. Huioni Uganda, ambayo mafuta yake yanashuka hapa, wala Kenya iliyo mwendo mfupi kutoka mjini. Ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa 2010 na haujaanza kufanya kazi. Kwa mkandarasi wa Tanga anayevuka Horohoro kwenda kufunga mabati Mombasa, hilo si jambo la wanasiasa peke yao. Kule Kenya nao wanamhesabia siku, kizingiti chao ni 183, na huku nyumbani TRA inamtoza kwa mapato yake ya dunia nzima kisha inampunguzia kodi aliyolipa kule. Kupunguziwa kunahitaji karatasi ya kuthibitisha amelipa. Nimewaona wakirudi na fedha na picha za kazi, karatasi hawana.

Sasa nirudi kwenye safu ile ya wakandarasi wadogo, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mkandarasi mkuu wa kigeni mwenye tawi hapa naye anageuka mkataji wa kodi. Akimlipa mkazi kwa huduma, anakata 5%. Kwenye kazi za ujenzi sheria inatambua kwamba sehemu ya malipo ni saruji na nondo, kwa hiyo inagawa malipo kwa uwiano wa tatu kwa mbili, tatu vifaa, mbili huduma. Kijana akijenga uzio wa Shilingi milioni 500, huduma ni milioni 200, na 5% yake ni milioni 10. Mwaka juzi nilipokea hesabu za kijana aliyekatwa milioni 25. Mhasibu wa mkandarasi mkuu alichukua 5% ya malipo yote, vifaa ndani yake. Kijana hakulalamika kwa kuogopa kunyimwa kazi inayofuata. Hizo milioni 15 za ziada ndizo zilikuwa zilipe vibarua wake wa mwezi ule.

Kukatwa zaidi kuna dawa, maana kodi iliyokatwa inahesabiwa kuwa malipo ya awali ya kodi yako ya mwaka. Unaleta cheti cha kodi ya zuio, TRA inakupunguzia. Lakini cheti kinatokana na mkataji kupeleka fedha na kujaza taarifa kwa jina na namba yako. Asipopeleka, au akapeleka kwa namba iliyokosewa, wewe umekatwa na bado unadaiwa. Yule kijana wa uzio aliandika barua pepe sita. Ya mwisho ilirudi, anwani haipo tena. Kambi ilikuwa imeng'olewa, makontena yamepakiwa, palibaki msingi wa tanuri la mikate na mbwa wa mlinzi. Tanga tuna msemo wetu, waja leo, waondoka leo. Siku hiyo niliusikia vibaya.

Hapo TRA ina la kufanya, na nalisema kwa kuheshimu kazi ngumu wanayoifanya. Tawi la mgeni halipaswi kufungiwa hesabu zake mpaka kila aliyekatwa na tawi hilo awe amepata cheti. Mkandarasi wa nje husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa mradi maalumu, kwa hiyo mwisho wa mradi unajulikana, hauji kwa kushtukiza. Mkaguzi aende miezi mitatu kabla, akiwa na orodha ya wakandarasi wadogo, aulize cheti cha huyu kiko wapi, cha yule kiko wapi. Baada ya meli kuondoka gatini anabaki wa kumuuliza kijana tu.

Haki inataka niseme na yetu wenyewe. Wataalamu wa miradi wanapanga nyumba Raskazone, na kampuni inayowalipia pango inatakiwa kukata 10% kwenye pango hilo. Wenye nyumba wengi wanajibu, "Mimi nataka yangu kamili, ya serikali jilipieni." Ni sentensi ile ile ya ukurasa wa tisa, safari hii inasemwa kwa Kiswahili safi cha Tanga. Mpangaji anaongeza kodi juu ya pango, gharama inaingia kwenye bei ya mradi, na mwenye nyumba anabaki bila rekodi ya mapato siku anapotaka mkopo.

Kwa wafanyakazi nitapita haraka, kwa kuwa kampuni kubwa huwa makini hapo. Mgeni asiye mkazi hukatwa 15% ya mshahara. Akikaa siku 183 ndani ya mwaka anakuwa mkazi na anaingia kwenye viwango kama mimi na wewe, ambavyo juu kabisa ni 30%. Mwajiri mwenye watu kumi au zaidi analipa 3.5% ya mishahara kwa ajili ya kuendeleza ufundi stadi. Tozo hii kila ninapoijaza huwafikiria vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA.

La Jiji ndilo linalonikera zaidi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya asilimia moja ya mauzo, baada ya kutoa VAT na ushuru wa bidhaa. Inaonekana ndogo. Kwa kazi ya Shilingi bilioni 10 ni mamilioni ya shilingi, ambayo kwa kata ya Chongoleani ni madarasa, ni kisima. Kampuni nyingi zina ofisi kuu Dar es Salaam, ankara zinatoka Dar es Salaam, na ushuru nao hubaki huko huko wakati vumbi la malori limeanguka kwenye minazi ya Chongoleani. Ndani ya mkoa wetu bomba linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza kabla ya kufika jijini. Halmashauri hizi zikae pamoja, zikubaliane namna ya kugawana mauzo kwa kazi iliyofanyika katika kila eneo, na zimpe mkandarasi hesabu moja. Mkandarasi mwenyewe atashukuru. Hakuna kinachomchosha kama kufuatwa na halmashauri tatu kwa mauzo yale yale.

Pwani hii inajua kodi na wageni tangu zamani. Misafara iliyoondoka Pangani na Bagamoyo ililipa hongo kwa watawala wa bara ili ipite. Wakati huo neno hilo lilikuwa na maana ya ada ya njia, halijachafuka. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipochukua mamlaka ya kukusanya ushuru wa forodha kwenye bandari za pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, Pangani ndiyo iliyosimama kwanza, Bushiri bin Salim akiwa mbele. Alinyongwa pale pale Pangani Desemba 1889. Mkataba ule nao ulisainiwa mbali na watu ambao ungewagusa, na waliokuja kuuishi hawakusomewa.

Sasa mikataba tunaiwekea sahihi wenyewe, kwa hiyo tuna nafasi ambayo wao hawakuwa nayo. Ninapoletewa mkataba kabla haujasainiwa, natafuta mahali palipoandikwa kodi na nasoma hapo kwanza, kabla ya bei. Kama bei ni baada ya kodi, naipiga hesabu upya ili mteja aone anachonunua kweli, kisha aamue. Nataka iandikwe kwamba mnunuzi atakata kile sheria inachomtaka akate, na muuzaji atapewa cheti akatumie kwao. Kwa mkandarasi mdogo nataka uwiano wa tatu kwa mbili utajwe kwa tarakimu, na kwamba cheti kitolewe ndani ya siku 30 tangu kukatwa, la sivyo sehemu ya mwisho ya kazi isubiri. Wageni wengi hawabishi. Wanasheria wao wanayajua haya kuliko sisi, walikuwa wanangoja kuona kama tutauliza.

Na mgeni anayetaka kufanya kazi Tanga ajue kwamba mkataba wa Serikali na mradi mkubwa hauwi mwavuli wa kila anayeuza skrubu kwenye mradi huo. Nafuu ya kodi hutolewa kwa jina na kwa tangazo la Serikali. Asiye na karatasi yenye jina lake alipe kama wengine.

Yule mama hatukuweza kumfutia deni. Tuliandika pingamizi ndani ya siku 30 kuhusu riba na kiwango cha kubadilishia dola, tukapunguza kidogo, iliyobaki anailipa kwa awamu kwa makubaliano na ofisi ya mkoa. Amebakiza awamu nne. Wiki iliyopita alikuja tena na mkataba wa kufungiwa winchi mpya, kurasa kumi na mbili, haujasainiwa. Akauliza watoto wote kwa majina. Kisha akaufungua mwenyewe, akapita bei, akaenda moja kwa moja hadi ukurasa wa saba, akaweka kidole kwenye mstari, akasema, "Hapa, mwanangu. Tuanzie hapa."